Kaka yangu ameacha watoto watatu: makao ya watoto au ukoo?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Ninaandika nikiwa na mzigo ambao sijaweza kuutua tangu tulipomzika kaka yangu miezi mitatu iliyopita. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Muleba mkoani Kagera, na sasa ninaishi Mwanza na mume wangu pamoja na watoto wetu wanne katika vyumba viwili vya kupanga. Ninashona nguo, na mume wangu anaendesha bajaji ya mtu ambaye kila jioni lazima apelekewe hesabu yake.

Marehemu kaka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mke wake alifariki siku chache baada ya kujifungua mtoto wao wa tatu, na kaka mwenyewe alipata ajali ya pikipiki akitoka kazini. Wameacha mvulana wa miaka 13 aliye darasa la saba, msichana wa miaka 9, na kitindamimba, binti wa mwaka mmoja na miezi saba. Hadi leo watoto wako nyumbani, katika sehemu ya kibanja ambayo kaka aliirithi kwa baba yetu na ambamo yeye na mkewe wamezikwa, wakiwa na mama yetu ambaye ameshavuka miaka 70 na miguu inamsumbua.

Baada ya arobaini kilikaa kikao cha ukoo. Kaka yetu mkubwa alipendekeza kwamba mvulana ahamie kwake, na kwamba yeye mwenyewe achukue jukumu la kukitunza kibanja pamoja na kahawa iliyomo. Binamu yetu wa Dar es Salaam akasema atamchukua msichana, atamsomesha, naye atakuwa anamsaidia kazi ndogo ndogo za nyumbani. Kuhusu kitindamimba hakuna aliyejitokeza. Kwa sasa mtoto huyo analala na mama yake mdogo, yaani mdogo wa marehemu wifi yangu, ambaye huja kila jioni akishafunga genge lake. Lakini wazee wanasema yeye ni mtu wa upande wa kike na hana kauli katika mambo yetu, na kikaoni hakuitwa.

Ndipo kaka mkubwa akamleta mkurugenzi wa makao ya watoto yaliyo mjini Bukoba. Alituambia kuwa yuko tayari kuwapokea wote watatu, kwamba kila mtoto atakuwa na kitanda chake, na kwamba wafadhili wa nje watawalipia shule inayofundisha kwa Kiingereza hadi kidato cha nne. Ndugu wataruhusiwa kuwatembelea Jumapili moja kila mwezi. Alisema gari litakuja kuwachukua mwisho wa mwezi huu, na akaacha karatasi ya kusaini.

Mama alikataa palepale. Alisema wajukuu zake si watoto wa kuokotwa. Mimi sikusema kitu, na ukimya huo ndio unaonitesa. Baba yetu alipofariki, mama alirudishwa kwao na sisi watoto tukagawanywa kwa ndugu wa baba. Mimi niliangukia kwa baba mdogo, nikiwa na miaka 8. Nilikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kula, nilichota maji wakati wenzangu wanavaa sare, na nilipofika darasa la tano nikaambiwa shule imetosha, ilhali watoto wa nyumba hiyo waliendelea wote. Kaka huyu aliyefariki alipelekwa kwa ndugu mwingine, na tulikuja kuzoeana tukiwa watu wazima. Alipopata kazi ndiye aliyemrudisha mama nyumbani. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba ukoo ndio kinga ya yatima, mwili wangu wote unakataa.

Mume wangu amesema kwa moyo mweupe kwamba tunaweza kumchukua mmoja, lakini watatu hataweza, na simlaumu. Naomba unieleze: kuwapeleka makao ni kuwatupa, au ni kuwaokoa na yale niliyoyapitia mimi? Na nikizuia wasiende, nitawapeleka wapi?

Shangazi wa watoto watatu, Mwanza

JIBU

Dada yangu,

Pole kwa msiba huu, na pole kwa ule wa zamani, ambao naona hata nafasi ya kuulilia hukuipata. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na ninataka uanze kwa kulijua jibu langu kabla ya sababu zake: karatasi ile isisainiwe, na watoto wasigawanywe. Wabaki wote watatu pamoja, katika nyumba ya baba yao, wakilelewa na mama yao mdogo akisaidiana na bibi, na wewe uwe msimamizi wa mali yao na mtu wa kufuatilia hali yao kutoka Mwanza.

Kabla sijafika huko, niseme kwamba hofu yako juu ya ukoo si chuki wala si utovu wa shukrani. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliotumia takwimu za kaya kutoka nchi 10 za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, na matokeo yake yanafanana na maisha yako neno kwa neno: mayatima walikuwa na nafasi ndogo ya kuwa shuleni hata kuliko watoto wengine wa nyumba ileile walimokuwa wakiishi, na kadiri undugu kati ya yatima na mkuu wa kaya ulivyokuwa wa mbali, ndivyo nafasi yake ya kusoma ilivyozidi kupungua. Huko kwenu Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 na ambako vibanja vingi vilibaki na vikongwe na watoto, watafiti waliwatembelea watoto 718 waliokuwa na wazazi wote wawili kati ya 1991 na 1994, kisha wakawatafuta tena mwaka 2004. Waliofiwa na mama kabla ya kufikisha miaka 15 walikuwa wamepungukiwa kimo kwa takriban sentimita 2 na elimu kwa takriban mwaka mmoja wa shule. Hawa hawakulelewa makao. Kwa sehemu kubwa walilelewa na ndugu, katika vijiji ambavyo sote tunavisifu kwa moyo wa kupokeana. Basi asikuambie mtu kwamba uliyoyapitia ni bahati mbaya yako peke yako.

Lakini utazame vizuri jambo linalosemwa na matokeo hayo, kwa sababu ndilo ninalotaka ulishike. Hayasemi kwamba familia imeshindwa kulea. Yanasema kwamba mtoto anayepelekwa kwa ndugu wa mbali, au kwa ndugu aliyemchukua kwa sababu kikao kimeamua hivyo na si kwa sababu alimtaka, huwa mgeni katika nyumba ya watu. Ukoo hauamki usiku kumshika mtoto paji la uso aone kama ana homa. Anayeamka ni mtu mmoja, mwenye jina, ambaye mtoto akilia humtaja. Swali la kikao chenu lilikuwa "nani atachukua yupi", kama watu wanaogawana vyombo vya marehemu, na hata lile la mkurugenzi lilikuwa la vitanda na ada. Hakuna aliyeuliza ni nani ambaye watoto hawa tayari ni wake.

Na jibu umeliandika wewe mwenyewe, katika sentensi mbili, kisha ukalipita. Umemweleza kaka yako mkubwa, ukamweleza binamu wa Dar es Salaam, ukamweleza mkurugenzi na gari lake. Lakini mtu ambaye kila jioni anafunga genge, anatembea hadi kwenye kibanja kisicho cha ukoo wake, na kulala na mtoto ambaye hajawahi kumjua mama mwingine, umemtaja kama jambo la pembeni. Asiyekuwapo na lake halipo, na mama mdogo hakuitwa kikaoni, kwa hiyo jina lake halikuingia hata katika mawazo yako. Ninaelewa jinsi mila ya ukoo wa kiumeni inavyomweka nje. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimweki nje. Kipimo chake ni maslahi ya mtoto, na ndugu wa mama ni ndugu wa mtoto sawa na ndugu wa baba. Kwa kitindamimba huyu, mama mdogo ndiye mama. Kumtoa mikononi mwake leo ni kumfanya yatima kwa mara ya tatu kabla hajatimiza miaka miwili.

Hapa sina budi kuzungumzia makao kwa haki, kwa sababu wewe hukuyafikiria kwa tamaa bali kwa huruma. Mwaka 2009 ulitoka utafiti mwingine, uliofanyika katika nchi 5, zikiwamo Kenya, Ethiopia na hapa Tanzania katika mkoa wa Kilimanjaro. Ulilinganisha watoto 1,357 waliokuwa wakiishi makao na 1,480 waliokuwa wakiishi katika familia, wote wakiwa na umri wa miaka 6 hadi 12, na haukukuta kwamba watoto wa makao walikuwa na hali mbaya zaidi kiafya, kiakili au kihisia. Wapo wanaoupenda utafiti huo na wapo wanaoukasirikia. Mimi ninauchukua kama onyo kwa pande zote mbili: jina la mahali halimlei mtoto. Yapo makao yenye walezi wenye upendo wa kweli, na zipo nyumba za ndugu ambazo ningemtoa mtoto leo hii. Ila usisahau kwamba watoto hao walilinganishwa na wenzao waliokuwa katika familia zenye shida, na kwamba makao yalikuwa na chakula, ada na dawa ambazo nyingi ya familia hizo hazikuwa nazo. Ningependa kuona familia hizo zikipewa sehemu tu ya kile kinachotumika kumweka mtoto mmoja makao, halafu ndipo tulinganishe.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, hata hivyo, sioni cha kujadili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mjini Bucharest nchini Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wameachwa katika taasisi, wakiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 31. Nusu yao, waliochaguliwa kwa kura, walipelekwa katika familia za malezi ya kambo, na nusu waliendelea na malezi ya kawaida ya taasisi. Waliopelekwa katika familia walikua vizuri zaidi kiakili na katika uwezo wao wa kushikamana na mtu, na waliofaidika zaidi katika mambo mengi walikuwa wale waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Sababu yake haihitaji elimu kubwa. Katika taasisi walezi hufanya kazi kwa zamu. Anayemnyonyesha chupa asubuhi siye anayemlaza usiku, na aliyemzoea mwezi huu anaweza kuacha kazi mwezi ujao. Mtoto mchanga hujifunza kwamba kulia hakumleti mtu fulani, na baada ya muda huacha kulia. Wageni wakija humsifu kwa utulivu wake. Ndiyo maana Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, inataka watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe katika mazingira ya familia. Miongozo hiyohiyo inasema kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumwondoa mtoto katika familia yake, na kwamba ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe isipokuwa kuna hatari ya wazi. Mambo yote matatu yanawagusa watoto wa kaka yako moja kwa moja.

Ng'ambo ya Mto Kagera, majirani zetu wa Rwanda wamelipitia jambo hili kwa uchungu kuliko sisi. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 nchi ilikuwa na makumi ya maelfu ya watoto wasio na wazazi, na makao yakaongezeka kwa sababu yalihitajika. Lakini miaka mingi baadaye, zilipohesabiwa taasisi 33 zenye watoto na vijana 3,323, ilionekana kwamba wengi wao walikuwa na mzazi hai au ndugu wanaojulikana. Makao yalikuwa yameacha kuwa kimbilio la wasio na mtu na kuwa njia ya watu maskini kupata shule na chakula. Tangu 2013 serikali yao imekuwa ikiwarudisha watoto nyumbani au kuwaweka katika familia za kujitolea, ambazo wamezipa jina zuri la Malayika Mulinzi. Ninalitaja hili kwa sababu karatasi iliyoachwa nyumbani kwenu inafanya kitu kilekile: inawapa watoto shule, na kwa bei ya shule hiyo inawaondoa kwa bibi yao, kwa mama yao mdogo, na kwenye makaburi ya wazazi wao. Wewe unajua kuliko mimi maana ya kukulia kwenye kibanja ambacho baba na mama wamelala humo.

Sisemi makao yasiwepo. Mtoto aliyeokotwa na bado hajulikani watu wake, mtoto anayepigwa au kuingiliwa na ndugu anayeishi naye, mtoto ambaye hajapatiwa familia ya kuaminika kupitia ustawi wa jamii, huyo anahitaji mlango unaofunguka usiku huohuo, na Mungu awabariki wanaoufungua. Hata hapo, makao yanapaswa kuwa na leseni, afisa ustawi wa jamii anapaswa kuwa amelichunguza suala la mtoto, na pawe na mpango ulioandikwa wa kumrudisha katika familia. Katika barua yako sijaona afisa ustawi wa jamii akitajwa mahali popote. Mtu anayeweza kuchukua watoto watatu kwa gari lake kwa sahihi ya baba mkubwa pekee, hata kama nia yake ni njema, anafanya haraka ambayo mtoto hana haja nayo.

Sasa nije kwenye yale uliyoyaogopa kuyasema. Kaka yako mkubwa anataka mvulana pamoja na kibanja, na hakumtaka kitindamimba ambaye hana nguvu za kuchuma kahawa. Simhukumu, kwani huenda anaamini kweli kwamba ndivyo mila inavyomtaka afanye. Lakini mali ya marehemu haipaswi kuwa mikononi mwa mtu kwa sababu tu amejitolea kuitunza. Fungueni mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, na ninakushauri ujitokeze wewe kuomba kuwa msimamizi. Msimamizi wa mirathi si mrithi. Atatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, na akitumia vibaya mali anaweza kuondolewa. Sheria ya Mtoto inakataza mtu kumnyima mtoto matumizi stahiki ya mali ya mzazi wake, kwa hiyo kahawa ya kibanja kile ni sare, daftari na sabuni za watoto watatu. Na kwa kuwa kaka alikuwa mwalimu, ikiwa aliajiriwa na serikali, ulizeni mapema mafao ya warithi katika PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, kwa kutumia vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama kitindamimba bado hajapata cheti, RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, iwe safari yenu ya kwanza kabisa.

Asikutishe mtu kwamba mwanamke wa Kihaya hana neno juu ya kibanja. Mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Mahakama Kuu huko Mwanza ilitamka kwamba kanuni ya kimila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, ilhali mwanamume aliruhusiwa, ilikuwa ya kibaguzi na ilipingana na Katiba. Watoto wawili kati ya hawa watatu ni wasichana, na siku moja nao watataka kujua kwamba palikuwa na mtu aliyewahesabu.

Kuhusu msichana wa miaka 9 na Dar es Salaam, nitasema kwa kifupi: hapana. Maneno "atanisaidia kazi ndogo ndogo" umeshayasikia maishani mwako, na unajua yanavyokua. Sheria yetu hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa, na utumishi wa ndani unaoitwa undugu ni utumishi vilevile. Kama binamu ana nia ya kumsomesha, na amsomeshe akiwa hapohapo Muleba. Shule za serikali hazitozi ada tangu mwaka 2016. Kinachobaki ni sare, viatu, madaftari na michango, mambo ambayo mtu wa Dar es Salaam anaweza kuyatuma kwa simu kila mwanzo wa muhula.

Ugumu halisi uko kwa mama mdogo, na hapa sitaki umbebeshe mzigo kwa sifa. Muulize kwanza kama anataka. Ni kijana, ana genge lake, na pengine ana mchumba ambaye hajui kama atakubali kuoa nyumba yenye watoto watatu. Akikubali, ahamie rasmi katika nyumba ya marehemu, chumba kiwe chake, na isemwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji na afisa ustawi wa jamii kwamba yeye ndiye mlezi, ili asije kufukuzwa siku bibi atakapofumba macho. Genge lake lisife, kwa maana mlezi asiye na shilingi yake hunyanyaswa pamoja na watoto anaowalea. Ulizeni pia katika serikali ya kijiji kama kaya ya bibi imo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF. Na zile ahadi za kikaoni ziandikwe: nani atatoa nini, kila mwezi gani, na nani atazipokea. Ahadi za matangani huondoka na turubai likishakunjwa, na hilo si kwa sababu watu ni wabaya, bali kwa sababu kila mmoja hurudi kwenye shida zake akidhani mwenzake atatoa.

Wewe baki na kazi ambayo hakuna mwingine katika ukoo wenu anayeiweza kama wewe. Mumeo amesema mnaweza kumlea mmoja, na ninamheshimu kwa ukweli wake. Basi gharama ya huyo mmoja iende Muleba kila mwezi badala ya mtoto kuja Mwanza, na wewe uende huko kila muhula bila kutoa taarifa. Hutahitaji kufundishwa cha kuangalia. Tazama nani anakula na nani na kwa wakati gani, tazama nani anachota maji saa za shule, uliza mahudhurio kwa mwalimu wa darasa na si kwa watu wa nyumbani, na mpe kila mtoto nafasi ya kukaa na wewe peke yake. Ukiona jambo linalokukumbusha kwa baba mdogo, usinyamaze tena. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga 116, namba ya msaada kwa mtoto ambayo haina malipo, na uwape watoto wakubwa namba hiyo waikariri.

Kuna mtu mmoja zaidi ambaye hakuulizwa. Mvulana wa miaka 13 aliyemzika mama, kisha akamzika baba, anajua mengi kuhusu nyumba ile kuliko wazee waliokaa kikao, na Sheria ya Mtoto inampa haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Kaa naye chini ya mgomba, mbali na watu, umweleze kila kitu kilichopendekezwa, pamoja na shule ile ya Kiingereza, na umsikilize hadi amalize. Akisema anaitamani shule hiyo, usimfiche wala usimlaumu. Yapo mashirika na parokia zinazofadhili mwanafunzi akiwa nyumbani kwao, na hata mkurugenzi huyo anaweza kuombwa afanye hivyo.

Safiri kwenda Muleba kabla ya mwisho wa mwezi, dada yangu, na umpitie mama mdogo kwenye genge lake kabla hujafika nyumbani. Gari la makao litakapoingia, awepo yeye, awepo bibi, awepo afisa ustawi wa jamii, na mkaribisheni mkurugenzi ndani kama mgeni. Mwambieni kwamba watoto hawa wana watu, na kwamba kama wafadhili wake wako tayari kulipa ada ya watoto watatu wanaolala Bukoba, mnamwomba awaulize kama watakuwa tayari kulipa ya watoto walewale wakilala kwao.